Afande Akirudi Nyumbani

Jamaa yangu mmoja, tuliyesoma naye chuo na ambaye sasa ni mhasibu kwenye kampuni moja hapa Dar, alinipigia simu Jumapili usiku. Kwa ile sauti nilijua kuna msiba. Nikakaa kitandani, nikamwuliza nani amefariki.

"Hakuna aliyekufa, dada," akasema. "Mchumba wangu kachaguliwa kwenda Moshi."

Kwa wale wasiojua, mtu akikwambia anakwenda Moshi kwa sauti ya namna ile, hazungumzii kahawa wala kupanda mlima. Anazungumzia shule ya polisi. Mahari imeshapokelewa, kamati ya harusi imeshakaa vikao viwili, kumbe binti aliomba kazi kimya kimya na jina lake limetoka kwenye orodha. Mimi nikampongeza. Jamaa akawaka.

"Dada, mi siwezi kuoa afande. Nikichelewa kurudi atanichukua maelezo? Akipangiwa lindo la usiku, nani atampikia mtoto uji? Halafu na wale wanaume wote kule kituoni?"

Nilicheka, nikamwambia alale, tutaongea. Lakini usingizi ulinikimbia mimi. Kwenye meza yangu ya uhariri hii hadithi inakuja kila mwezi, ila inabadilisha nguo tu. Mara mke ni muuguzi wa zamu ya usiku, mara ni mwandishi anayesafiri mikoani, mara kapandishwa cheo benki na sasa anampita mumewe mshahara. Swali ni lile lile: akivaa kofia ya kazi, mimi mume nabaki na nini?

Basi nikaanza kusoma, nia yangu ikiwa ni kumwandikia mshikaji ujumbe wa kumtoa hofu. Nikaanzia Uingereza, kwa sababu jeshi la polisi la Tanganyika liliundwa na Waingereza mwaka 1919, na mengi ya sare, vyeo na taratibu za afande unayemwona leo njia panda yalitokea kwao. Nilidhani nitapata hadithi ya kuchangamsha, ya akina mama waliofunga mikanda wakaingia kazini. Nimeipata. Lakini humo ndani nilikutana pia na dada mmoja mzaliwa wa Zanzibar ambaye sikuwahi kusikia jina lake, na tangu siku hiyo ujumbe wa kumtoa mtu hofu umenishinda kuandika.

Kisheria huyu si mtu

Tuanze mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza imelipuka, wanaume wanakwenda mstari wa mbele, na miji ya Uingereza imejaa askari vijana, wasichana waliokuja kutafuta kazi, na wakimbizi kutoka Ubelgiji. Wanawake wawili, Nina Boyle na Margaret Damer Dawson, wanaanzisha kikundi cha polisi wa kujitolea. Boyle alikuwa mwandishi wa habari na mmoja wa wanaharakati waliodai wanawake wapige kura. Wengi waliojiunga walitoka kwenye harakati hizo hizo. Mary Allen, kwa mfano, alikuwa ameshafungwa jela mara tatu na kufanya mgomo wa kula gerezani. Yaani jana polisi walikuwa wanamkamata, leo anavaa sare. Hapo vipi?

Wenyewe kwa wenyewe haikuchukua muda wakavurugana. Mji wa Grantham ulikuwa na kambi kubwa ya jeshi pembeni, na mkuu wa jeshi pale akaamua kwamba dawa ya vurugu za askari ni kuwazuia wanawake kutoka nje usiku. Umesoma vizuri: askari ndio wanafanya fujo, wanawake ndio wanafungiwa ndani. Polisi wanawake wakatumika kusimamia amri hiyo, Boyle akaja juu, akataka kikundi kivunjwe. Wenzake wengi wakabaki na Damer Dawson. Hadi leo najiuliza ningesimama upande gani. Boyle alikuwa na haki kabisa. Lakini wale waliobaki ndio waliofungua mlango.

Maana ni Grantham hapo hapo, Agosti 1915, ambapo mjane na mkunga aitwaye Edith Smith aliapishwa kuwa konstebo mwenye mamlaka kamili ya kukamata, mwanamke wa kwanza Uingereza. Na serikali kuu ilipoulizwa, wizara husika ikajibu kwamba uteuzi ule haukuwa halali, kwa kuwa mbele ya sheria mwanamke si "mtu" anayestahili kuapishwa. Mji ukaziba masikio, kwa sababu kazi ilikuwa inaonekana. Edith alifanya kazi siku saba kwa wiki bila likizo kwa zaidi ya miaka miwili, kisha mwaka 1918 akaacha, afya imekwisha. Sheria ya kumtambua mwanamke kwenye kazi za umma ilipitishwa mwaka uliofuata, 1919.

Mbele wanawake wawili, nyuma wanaume wawili

London nako mambo yalianza mwaka huo huo wa 1919. Mkuu wa polisi wa jiji, Nevil Macready, alikubali kuwa na doria ya wanawake chini ya Sofia Stanley. Walikuwa kama 110 hivi. Macready hakuwa mtu wa kusifia sana: baadaye alieleza kwamba jambo moja alilochunga ni kutoingiza wanawake wa misimamo mikali, na akawasema wale wasioolewa kama watu waliochacha. Akina dada mlio kwenye miaka ya thelathini na bado mnaulizwa kila harusi "wewe lini?", mnaona kwamba maneno haya yana umri mkubwa kuliko shangazi zenu.

Walipewa sare nzito ya kufunga hadi shingoni, kofia ngumu, na mabuti ambayo yangemfaa mtu anayechimba mtaro. Hawakupewa pingu. Hawakuapishwa, hawakuwa na uwezo wa kukamata mtu, na pensheni hakuna. Kwenye mitaa mikorofi walitembea wawili wawili, na hatua chache nyuma yao wakafuata polisi wawili wa kiume wa kuwalinda. Hebu ione picha hiyo. Mtu kaajiriwa alinde mji, halafu anawekewa mlinzi.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Lilian Wyles, mmoja wa wale wa mwanzo, alipelekwa kwenye upelelezi, na kazi yake ikawa kuchukua maelezo ya wanawake na watoto walionajisiwa au kudhalilishwa. Kabla ya hapo binti wa miaka kumi na miwili aliyefanyiwa unyama alilazimika kumweleza kila kitu polisi wa kiume, tena wakati mwingine huku wengine wamesimama wanasikiliza. Kama umewahi kumsindikiza ndugu yako kwenye Dawati la Jinsia na Watoto hapa kwetu, ukakuta dada mwenye sare anavuta kiti na kusema "karibu mama, kaa", basi unajua ninachozungumza.

Mwaka 1922 serikali ikaishiwa pesa, ikatafuta pa kukata, na jicho likaangukia wanawake. Amri ikatoka kwamba doria ile ivunjwe yote. Aliyesimama bungeni kuwatetea ni Nancy Astor, mwanamke wa kwanza kukaa kwenye Bunge la Uingereza, na alipiga kelele mpaka wakabakizwa kama 20. Ishirini, jiji zima la London! Lakini mwaka 1923 hao waliobaki wakaapishwa na kupewa mamlaka ya kukamata. Wale wanaume wawili wa nyuma wakarudi kwenye shughuli zao.

Pete au filimbi

Hapa sasa ndipo jamaa yangu angefurahi, kwa sababu kuna kipindi jeshi la polisi lilifikiri kama yeye.

Kufikia miaka ya 1930 kanuni ilikuwa wazi: polisi mwanamke akiolewa, anaacha kazi. Haijalishi umetumikia miaka mingapi wala umekamata majambazi wangapi. Siku unapokwenda kanisani, sare unairudisha stoo. Kanuni hiyo ilidumu mpaka mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili kuwaonyesha wakubwa kwamba bila wanawake vituo havifunguliwi.

Linaloniudhi zaidi ni upande wa pili wa kanuni. Polisi wa kiume akioa, hakuna aliyemwambia achague. Kijijini alipewa nyumba yenye ofisi ndani yake, na mkewe ndiye aliyepokea simu na kufungua mlango mume akiwa doria, na kuwatuliza waliokuja wanalia usiku wa manane. Hakuandikishwa popote, mshahara hakuna. Kwa maneno mengine, ndoa ilimtoa mwanamke mmoja polisi kwa mlango wa mbele, ikamwingiza mwingine kwa mlango wa jikoni, bure.

Na hata baada ya 1946, wanawake waliendelea kuwa idara yao peke yao, yenye wakubwa wao na kazi zao: watoto waliopotea, wasichana waliotoroka makwao, wanawake waliokamatwa. Mshahara wao ulikuwa asilimia 90 ya ule wa mwanaume. Waliambiwa zamu yao ni fupi kidogo, kwa hiyo wasilalamike.

Angalau walivalishwa vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 polisi wanawake wa London walishonewa sare mpya iliyobuniwa na Norman Hartnell, fundi aliyemshonea Malkia Elizabeth gauni la harusi. Walikuwa pia na mkoba wa begani, na kirungu chao kikafanywa kifupi ili kienee ndani ya mkoba. Wahariri wenzangu wa mitindo wameniomba niseme kwamba mkoba wenyewe ulikuwa mzuri. Mimi nawaza tu mtu anakukimbilia na kisu, na wewe unatafuta zipu.

Mwaka 1968 ndipo alipoingia polisi mwanamke mweusi wa kwanza, Sislin Fay Allen, muuguzi mzaliwa wa Jamaika aliyeona tangazo la kazi wakati wa mapumziko ya mchana hospitalini. Kwenye fomu aliandika mwenyewe kwamba yeye ni mweusi, wasije wakashtuka siku ya usaili. Waandishi walimwandama mpaka akawa anawakimbia, na barua za matusi zikaja. Alikaa hadi 1972, kisha yeye na familia yake wakahamia Jamaika, na huko nako akavaa sare ya polisi. Alifariki mwaka 2021.

Dada kutoka Zanzibar

Jina lake ni Karpal Kaur Sandhu. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1943, enzi za Sultani na Waingereza wake, katika familia ya Kalasinga. Kama ulikulia Pwani unawajua Kalasinga wa zamani: mafundi wa mbao na wa magari, wajenzi, watu wa kazi za mikono ambazo zinasifiwa hadi leo. Mwaka 1962, kabla hata ya Uhuru wa visiwa, binti huyu akaenda Uingereza. Akawa muuguzi, akaolewa, akapata watoto.

Mwaka 1971, akiwa na miaka 27, akajiunga na polisi wa London. Alikuwa polisi mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Asia nchini Uingereza.

Fikiria hali ilivyokuwa. Kutoka mwishoni mwa miaka ya 1960 Waasia wa Kenya walikuwa wanahamia Uingereza kwa wingi. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza wale wa Uganda, na zaidi ya 27,000 wakatua huko, wengi na sanduku moja moja. Mitaa ya London ikajaa akina mama ambao Kiingereza chao ni cha kuombea chumvi, na ambao kamwe wasingemfungulia mlango polisi wa kiume wa Kizungu. Sasa anakuja mtu aliyevaa sare ile ile, lakini anaongea lugha ya nyumbani na anajua ukimwingilia mgeni ndani unavua viatu. Bosi wake aliandika kwenye ripoti kwamba msaada wake kwa wahamiaji ulikuwa mkubwa mno, na kwamba alikuwa anawafundisha polisi wenzake lugha za Kiasia. Kwa kifupi, alikuwa anaijua kazi, na kazi ilimjua.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Mumewe hakuitaka kazi ile. Kwake yeye upolisi haukuwa kazi ya mwanamke wa heshima, na haukuwa jambo linalofanywa na mwanamke wa Kiasia. Naandika maneno haya na nasikia sauti ya simu ya Jumapili usiku, ingawa namjua jamaa yangu na najua hawezi kumwinulia mtu mkono. Maneno yanafanana, na hapo ndipo usingizi uliponiishia.

Tarehe 4 Novemba 1973 Karpal alishambuliwa nyumbani na mumewe. Akafa. Alikuwa amevaa sare hiyo kwa muda usiofika miaka mitatu. Mume alikamatwa, akatiwa hatiani na kufungwa.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta, nikaenda jikoni, nikachemsha chai ambayo sikuinywa.

Kwa sababu angalia mwaka. Ni mwaka huo huo wa 1973 ambapo polisi wa London walivunja ile idara ya wanawake na kuwaingiza kwenye jeshi moja na wanaume: doria moja, vyeo vimoja, kazi zote. Mwaka 1974 mishahara ikalingana. Mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa kijinsia kazini. Kila ulichokuwa umesoma kwenye kurasa hizi mpaka hapa, kuanzia mtu asiye mtu mpaka kirungu cha kwenye mkoba, kilikuwa kinafikia mwisho. Wabunge, mawaziri na makamishna walikuwa wamebishana karibu miaka sitini kama mwanamke anafaa kuwa polisi, na hatimaye wakakubali. Nyumbani kwake Karpal mjadala haukuwa na spika wala kura.

Jina lake likapotea kwa miaka mingi. Mwaka 2021, nusu karne tangu ajiunge, polisi wa London walimkumbuka rasmi, na binti yake, aliyempoteza mama akiwa mtoto, alimzungumzia kama mwanamke jasiri aliyewatangulia wengine. Visiwani sijakutana na mtu anayemjua. Nimewauliza Wazanzibari sita, wawili kati yao wasomi wa historia. Wote wamesema "eh?"

Mlango wa ndani

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 1990 Alison Halford, mwanamke mwenye cheo cha juu kuliko wote kwenye polisi wa Uingereza wakati huo, alilishtaki jeshi kwa kunyimwa vyeo mara tisa kwa sababu ya jinsia yake. Simu yake ya ofisini ikawa inasikilizwa kwa siri, na mwaka 1997 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema alionewa. Mwaka 1995 Pauline Clare akawa mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa jeshi la polisi la eneo, Lancashire. Mwaka 1999 polisi wa London wakaacha kuweka neno "mwanamke" mbele ya cheo. Mwaka 2017 Cressida Dick akakalia kiti kile kile cha Macready, akaongoza hadi 2022. Siku hizi katika England na Wales kama theluthi moja ya polisi ni wanawake.

Mpaka hapo unaweza kupiga makofi. Lakini Machi 2020 wanasheria wa Centre for Women's Justice waliwasilisha malalamiko mazito kuhusu polisi wanaowatesa wake na wapenzi wao, na miongoni mwa waliolalamika walikuwamo wanawake ambao wenyewe ni polisi. Wengine walikuta kesi zao zinashughulikiwa na marafiki wa mume. Mwaka uliofuata polisi mmoja wa London alimsimamisha Sarah Everard barabarani akijifanya anamkamata, akamuua. Uchunguzi uliofuata, wa Louise Casey mwaka 2023, ulisema chuki dhidi ya wanawake imejengeka ndani ya jeshi lenyewe.

Kwa hiyo nilipomrudia jamaa yangu sikuwa na ujumbe wa kumtoa hofu. Tulikutana Mwenge, tukaagiza chipsi kuku, nikamsimulia habari za Karpal kuanzia Zanzibar. Alisikiliza. Mara akaacha kula.

"Sasa dada, unanilinganisha na yule mwuaji?"

"Hapana," nikamwambia. "Nakuuliza ile hofu yako ni ya nini. Lindo la usiku ni tatizo, nakubali. Uji wa mtoto ni tatizo, mtafute dada wa kazi au ujifunze kuukoroga, uji haujamshinda mtu. Akihamishiwa Kigoma na wewe ofisi yako iko Dar, hilo ni tatizo kubwa, kaeni mlizungumze kabla kadi hazijachapwa. Lakini hivyo sivyo ulivyoanza navyo Jumapili. Ulianza na maelezo. Uliogopa atakuuliza ulikuwa wapi."

Kimya. Mhudumu akapita, akauliza kama tunahitaji pilipili.

"Na hao wanaume wa kituoni?" akasema, sauti imeshuka.

"Ofisini kwenu mko wangapi?"

"Kumi na nne."

"Wanawake?"

"Tisa." Akacheka mwenyewe. "Sawa. Nimekuelewa."

Sijui kama alinielewa. Wanaume wakitaka mazungumzo yaishe husema wameelewa. Nisiwe mwongo pia kwa upande wa yule binti: kuomba kazi ya namna ile bila kumwambia mtu mliyekwisha kutolewa mahari naye, hapo alimkosea, nami nimemwambia. Alinijibu kwamba angemwambia angekatazwa. Nikamwuliza ana uhakika gani. Akaniangalia tu, kama mtu anayejua nyumba anayokwenda kuishi kuliko mimi ninayeisoma kwa simu.

Harusi imesogezwa. Mafunzo kwanza, wamekubaliana hivyo, na kamati imenuna kwa sababu ukumbi ulikuwa umeshalipiwa nusu.

Jumamosi iliyopita alfajiri nilikuwa Coco Beach najitahidi kutembea, kama daktari alivyonishauri, na nani ninamwona? Binti anakimbia mchangani, raba nyekundu, anajiandaa na kwata la Moshi. Jamaa yuko pembeni, kashika chupa ya maji na simu, anamhesabia dakika. Nikamsogelea, nikamwuliza kama sasa ameridhika kuoa afande.

"Dada, subiri kwanza," akasema, macho kwenye simu. "Bado raundi mbili."